KWA NINI WAFANYAKAZI WA WISCONSIN WALITAKA GAVANA WAO AONDOKE

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wafanyakazi. Tunayachapa kama yalivyosomwa, kwa ajili ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.)



Tumetakiwa tuseme juu ya swali ambalo kwa muda sasa linazunguka mabarazani. Je, chama cha wafanyakazi kina haki ya kusimama hadharani na kuwaambia watu, "Mtawala huyu mwondoeni kwa kura"? Wako wasemao kwamba kazi ya chama ni mshahara, saa za kazi na likizo, na kwamba siasa waachiwe wenye siasa zao. Hoja hii si ya kipumbavu, wala hatutaicheka. Lakini badala ya kuijibu kwa maneno matupu, tumeona bora tukusimulieni kisa kimoja kilichotokea mbali na hapa, katika jimbo la Wisconsin, nchini Marekani, baina ya mwaka 2011 na mwaka 2018. Tumekichagua kisa hiki kwa sababu wafanyakazi wa huko walikuwa na hoja nzuri, na juu ya hoja yao nzuri walishindwa. Kisa cha ushindi mtupu hufurahisha masikio, lakini hakimfundishi mtu kitu.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Wisconsin iko kaskazini ya Marekani, upande mmoja Ziwa Michigan, upande wa pili mto Mississippi. Ni nchi ya maziwa, na hapa lugha yetu yatusaidia, kwani yapo ya maji na yapo ya ng'ombe, na yote mawili ni mengi. Mji mkuu ni Madison, na mji mkubwa wa viwanda ni Milwaukee. Watu wa jimbo zima hawafiki milioni 6. Ni watu wapole, na wako wakulima na wafugaji kati yao, lakini khabari zao za kazi ni za zamani na zina damu ndani yake. Mwezi wa Mei 1886 wafanyakazi wa Milwaukee waligoma wakidai siku ya kazi iwe ya saa nane. Gavana wa wakati ule, Jeremiah Rusk, akapeleka askari, na askari wakawapiga watu risasi pale Bay View. Waliokufa hawakupungua saba. Baada ya damu ile zikaja sheria, polepole. Mwaka 1911 jimbo likaweka sheria ya fidia kwa mfanyakazi aumiaye kazini. Mwaka 1932 likawa jimbo la kwanza katika Marekani kuweka sheria ya kumsaidia kwa fedha mtu aliyepoteza kazi. Mwaka huo huo, mjini Madison, watumishi wa serikali ya jimbo wakaanzisha chama ambacho kilikuja kukua kikaitwa AFSCME, na leo ni mojawapo wa vyama vikubwa kabisa vya watumishi wa serikali katika nchi ile. Na mwaka 1959 Wisconsin likawa jimbo la kwanza kuwapa watumishi wa miji na wilaya haki, kwa sheria, ya kukaa meza moja na mwajiri wao wakajadiliana.

Hebu tuliangalie neno hili la kukaa meza moja, kwani ndilo kisa chote. Mwalimu mmoja, akienda peke yake kwa mkubwa wa skuli kusema kwamba darasa lake lina watoto wengi kupita kiasi, ataambiwa arudi kazini. Muuguzi mmoja, akisema kwamba zamu mbili mfululizo zitamfanya akosee dawa, ataambiwa wako wengine wanaoitaka kazi yake. Lakini walimu wote pamoja, wauguzi wote pamoja, wakiwa na mjumbe wao na sheria nyuma yao, mwajiri hana budi kuwasikiliza na kujibu. Hatusemi hana budi kuwapa kila watakalo. Twasema hana budi kuwajibu.

Sasa tuje kwa Bwana Scott Walker. Huyu alikuwa mkuu wa wilaya ya Milwaukee, mtu wa chama cha Republican, na mwezi wa Novemba 2010 alichaguliwa gavana kwa kumshinda Tom Barrett, meya wa mji wa Milwaukee. Akaingia ofisini Januari 2011, na chama chake kikashika mabaraza yote mawili ya kutunga sheria. Katika kampeni alisema kwamba watumishi wa serikali itawapasa wachangie zaidi pensheni yao na bima yao ya matibabu. Hilo alilisema, na waliompigia kura walilisikia. Lakini hakuwaambia wazi kwamba atavivunja nguvu vyama vyao.

Tarehe 11 Februari 2011, mwezi mmoja na siku chache baada ya kuapishwa, akatangaza mswada alioupa jina la Mswada wa Kutengeneza Bajeti. Sababu yake ilikuwa upungufu wa fedha: dola milioni 137 kwa mwaka ule uliokuwa ukimalizika, na kiasi cha dola bilioni 3.6 kwa miaka miwili iliyofuata. Upungufu ulikuwako, hatukatai. Wala si uongo kwamba wafanyakazi wengi wa viwandani walikuwa wamekwisha kupoteza pensheni zao, na walimtazama mtumishi wa serikali wakauliza, kwa nini yeye anayo na mimi sina? Gavana aliliona swali hili moyoni mwa watu, akalitumia vizuri sana.

Ndani ya mswada mlikuwa na nini? Mlikuwa na fedha kwanza. Watumishi wangelipa kiasi cha asilimia 5.8 ya mshahara wao kwa ajili ya pensheni, na si chini ya asilimia 12.6 ya gharama ya bima ya matibabu. Kwa mwalimu mwenye mshahara wa dola 50,000 kwa mwaka, hiyo pensheni peke yake ni dola 2,900. Si fedha ndogo. Lakini nyuma ya fedha vilifuata vifungu vingine. Chama kisijadiliane na mwajiri juu ya jambo lo lote isipokuwa mshahara wa msingi. Si saa za kazi, si usalama, si idadi ya watoto darasani, si zamu. Na huo mshahara wa msingi usipandishwe kupita kiwango cha kupanda kwa bei za vitu, ila kwa kura ya wananchi wote wa mahali pale. Ada ya chama isikatwe tena katika mshahara. Mapatano yasizidi mwaka mmoja. Polisi na wazima moto wakatolewa nje ya sheria hii. Na baadhi ya vyama vyao, mjini Milwaukee, vilikuwa vimemwunga mkono gavana katika uchaguzi wa 2010. Tunaliweka jambo hili mbele yenu, nanyi mtalipima wenyewe.

Na kiko kifungu kimoja ambacho twaomba mkisikilize kwa makini, kwani ufundi wake ni mkubwa. Kila mwaka, kila chama kipigiwe kura upya ili kiruhusiwe kuishi, na kura za ndiyo zifike asilimia 51 ya wafanyakazi wote wa mahali hapo, si ya wale waliopiga kura. Yaani aliyelala nyumbani, aliye mgonjwa, aliyesahau, wote wahesabiwa wamesema hapana. Chukueni skuli yenye walimu 100. Walimu 50 waseme ndiyo, 10 waseme hapana, 40 wasipige kura. Waliosema ndiyo ni mara tano ya waliosema hapana, na chama kimekufa. Sasa mpimeni gavana kwa pishi hiyo hiyo. Mwaka 2010 yeye alipata kura kiasi cha milioni 1 na laki 1, katika jimbo lenye watu wazima zaidi ya milioni 4. Kwa kipimo alichowawekea walimu, yeye mwenyewe asingelikalia kile kiti hata siku moja. Aliyempa yeye kiti ni kura za waliofika kituoni, na hiyo ndiyo sheria ya kila uchaguzi, isipokuwa uchaguzi wa vyama alivyotaka vife.

Ndugu zetu, hapa ndipo hoja ya wafanyakazi iliposimama, na tunataka mwione vizuri. Mswada ulipotangazwa, viongozi wa vyama vikubwa vya watumishi na vya walimu walikutana, na tarehe 18 Februari walitoa jawabu lao hadharani. Walisema: fedha tutatoa. Pensheni tutachangia kama ulivyosema, matibabu tutachangia kama ulivyosema. Tuachie haki yetu ya kukaa mezani. Gavana alikataa.

Tumelikariri jambo hili mara nyingi katika kamati yetu, na kila mara twafika pale pale. Ikiwa mtu akudai shilingi mia, ukamletea shilingi mia mkononi, naye akazikataa na kusema anataka ufunguo wa nyumba yako, basi deni halikuwa la shilingi mia. Kuanzia siku ile, mtu wa Wisconsin aliyeambiwa kwamba gavana anaokoa hazina alikuwa na haki ya kuuliza: hazina gani hiyo, ambayo fedha zikiletwa hazipokelewi?

Na ushahidi ukazidi. Tarehe 18 Januari 2011, kabla ya mswada kutangazwa, gavana alikuwa akizungumza mjini Beloit na tajiri mmoja, Bibi Diane Hendricks, naye akamwuliza ni lini jimbo zima litatoka mikononi mwa vyama vya wafanyakazi. Gavana akajibu kwamba hatua ya kwanza ni watumishi wa serikali, kwa sababu njia ni kugawa kisha kushinda. Palikuwa na mtu akipiga filamu. Filamu ilikuja kutoka Mei 2012, na tajiri yule alikuwa amekwisha kutoa zaidi ya nusu milioni ya dola kwa kampeni ya gavana. Wazee wetu waliotawaliwa na wageni hawahitaji kufasiriwa maneno hayo ya kugawa na kushinda.

Basi watu wakatoka. Tarehe 17 Februari maseneta 14 wa chama cha Democrat wakapanda magari wakavuka mpaka kwenda jimbo la Illinois. Si woga uliowatoa. Seneti ya Wisconsin ina watu 33, na mswada wenye matumizi ya fedha unahitaji watu 20 barazani. Chama cha gavana kilikuwa na 19. Mmoja tu alikosekana, na huyo mmoja hawakumpata kwa wiki tatu. Huku nyuma walimu, wanafunzi, wauguzi, wafagiaji na madereva wakalijaza jumba la serikali mjini Madison, wakalala humo humo juu ya marumaru katika baridi ya Februari. Wazima moto, ambao sheria haikuwagusa, wakaingia jumbani kwa maandamano wakipiga zumari zao. Na polisi wengi waliokuwa nje ya kazi wakaja vile vile. Tarehe 12 Machi wakulima wakaleta matrekta yao wakaizunguka ile baraza. Katika jambo hili gavana alikosea hesabu: aliwaacha polisi na wazima moto nje ili wanyamaze, nao wakakataa kununuliwa kwa bei ile.

Wakati huo huo mwandishi mmoja alimpigia simu gavana akijifanya ni David Koch, tajiri mkubwa mfadhili wa wanasiasa wa upande ule. Gavana akazungumza naye kwa muda mrefu, kwa furaha. Alipoulizwa juu ya kupenyeza wafanya fujo katikati ya waandamanaji, alisema kwamba jambo hilo walilifikiria. Mwalimu wa skuli ya watoto asingeliipata simu ile ijibiwe.

Tarehe 9 Machi chama cha gavana kikapata hila. Wakavitoa katika mswada vifungu vile vya matumizi vilivyohitaji akidi ya watu 20, na uliobaki wakaupitisha Seneti kwa kura 18 dhidi ya 1, maseneta 14 wakiwa bado ugenini. Siku ya pili Baraza la Wawakilishi likapitisha kwa kura 53 dhidi ya 42. Tarehe 11 Machi gavana akatia sahihi. Ule mswada wa kutengeneza bajeti, basi, ulipita kwa kuufanya usiwe tena wa bajeti, na vifungu vya kuvifunga vyama vikabaki ndani kama vilivyo.

Sasa twafika kwenye kura. Katiba ya Wisconsin, tangu 1926, yawapa wananchi njia ya kumwita mtawala kabla ya muda wake kwisha, asimame tena mbele ya wapiga kura, maadamu amekwisha kutumikia mwaka mmoja. Kwa gavana zilitakiwa sahihi 540,208, nazo zikusanywe katika siku 60. Watu wakaenda nyumba kwa nyumba, katika theluji, kuanzia Novemba 2011, na Januari 2012 wakafikisha masanduku. Sahihi zilizokubaliwa zilizidi laki tisa. Katika khabari zote za Marekani kabla yake, magavana wawili tu walikuwa wamefikishwa hapo, wa North Dakota mwaka 1921 na wa California mwaka 2003, na wote wawili waliondolewa.

Walker hakuondolewa. Tarehe 5 Juni 2012 alipata kiasi cha asilimia 53, na Tom Barrett, aliyesimama tena dhidi yake, kiasi cha asilimia 46.

Kwa nini? Jawabu la haraka ni fedha, nalo ni kweli. Sheria ya kule ilimruhusu mtawala aliyeitwa apokee michango isiyo na mpaka mpaka siku uchaguzi utakapotangazwa rasmi, na mpinzani wake hakuruhusiwa hivyo. Gavana alikusanya zaidi ya dola milioni 30. Barrett kiasi cha milioni 4. Lakini twawaomba msiishie kwenye jawabu hili, kwani ni jawabu la kujifariji. Yako mengine mawili, na haya yatuhusu sisi zaidi.

La kwanza: wapiga kura walipoulizwa wakitoka vituoni, kiasi cha watu sita katika kumi walisema kwamba kumwita mtawala kabla ya muda wake kwafaa tu akiwa ametenda uovu katika kazi yake. Yaani wako watu waliomchukia Walker na wakampigia kura, kwa sababu waliona mlango uliotumika si mlango wa kawaida. Wafanyakazi walidhani sahihi laki tisa ni kura laki tisa na za jirani juu yake. Hawakukaa na jirani wakamweleza kwa nini jambo hili halingeweza kungoja miaka miwili.

La pili lauma zaidi. Katika nyumba zenye mwanachama wa chama cha wafanyakazi, kiasi cha watu 38 katika mia walimpigia kura Walker. Nyumba zetu wenyewe! Wako walioamini kwamba sheria ile ni ya watumishi wa serikali tu, haiwahusu wao wa viwandani na wa ujenzi. Na gavana aliwaambia hivyo hivyo. Alisema vyama vya wafanyakazi wa makampuni ni washirika wake katika kuendeleza uchumi. Waliogawiwa hawakujua kwamba wamegawiwa. Tena vyama vikubwa vyenyewe vilikuwa vimemwunga mkono Bibi Kathleen Falk katika uteuzi wa chama cha Democrat, naye akashindwa na Barrett, ikabaki mwezi mmoja tu wa kumtetea mtu ambaye si waliyemtaka.

Kilichofuata mtakikisia. Mwaka 2014 Walker alichaguliwa tena. Tarehe 9 Machi 2015 alitia sahihi sheria nyingine, ambayo kabla yake alikuwa akisema haitafika mezani kwake: katika makampuni pia, mfanyakazi asilazimike kukilipa chama hata ikiwa chama chamtetea na kumjadilia mapatano. Hatua ya kwanza ilikuwa watumishi wa serikali. Hii ndiyo ya pili. Fundi wa ujenzi aliyempigia kura 2012 sasa alikuwa amesimama pale pale aliposimama mwalimu 2011, na mwalimu hakuwa na nguvu tena ya kumsaidia. Mwaka 2010 wanachama wa vyama walikuwa kiasi cha asilimia 14 ya wafanyakazi wa Wisconsin. Mwaka 2018 walikuwa kiasi cha asilimia 8.

Na ile ahadi ya kazi? Mwaka 2010 aliahidi kazi mpya 250,000 katika muhula wa kwanza. Hazikufika. Bajeti yake ya kwanza ilipunguza msaada wa skuli kwa karibu dola milioni 800 katika miaka miwili. Kisha mwaka 2017 akaahidi kampuni ya Foxconn ya Taiwan kiasi cha dola bilioni 3 za jimbo, ili ijenge kiwanda kitakachoajiri watu 13,000. Mwaka 2021, baada yake kuondoka, mapatano yaliandikwa upya, na idadi ikawa watu 1,454. Mwalimu aliambiwa hakuna fedha; kampuni ikaambiwa zipo.

Mwaka 2018 wafanyakazi hawakusimamisha tena hoja ya vyama mbele ya kila kitu. Sahihi hawakukusanya, walingoja siku ya kawaida ya uchaguzi. Walizungumza juu ya skuli, barabara zilizojaa mashimo, na matibabu ya mtu ambaye tayari ana maradhi, yaani mambo yamgusayo jirani asiye mwanachama. Na mtu aliyesimama dhidi ya Walker alikuwa Tony Evers, mwalimu wa zamani na mkuu wa elimu ya jimbo. Tarehe 6 Novemba 2018 Evers alishinda kwa kura 29,227 katika kura zaidi ya milioni 2 na laki 6. Tofauti ilipita kidogo asilimia moja. Walker hakuweza kuomba kura zihesabiwe tena, kwa sababu mwaka 2017 yeye mwenyewe alitia sahihi sheria inayokataza kuhesabu upya ikiwa tofauti inapita asilimia moja.

Tulicheka tulipoisoma khabari hiyo, na tunaona mmecheka ninyi pia. Lakini Desemba 2018, kabla Evers hajaapishwa, mabaraza yaliyokuwa bado mikononi mwa chama cha Walker yaliketi upesi na kupunguza mamlaka ya gavana mpya, na Walker akatia sahihi. Yeye aliondoka Januari 2019. Sheria yake ya 2011 ilibaki. Evers alikuwa gavana bila ya mabaraza, na gavana bila ya mabaraza hawezi kufuta sheria. Mwezi wa Desemba 2024 jaji mmoja wa wilaya ya Dane alitamka kwamba sehemu kubwa ya sheria ile yavunja katiba ya jimbo, kwa kuwa inawatenga watumishi wengine na kuwabagua wengine bila ya sababu ya haki. Uamuzi ukakatiwa rufaa, na utekelezaji wake ukasimamishwa. Miaka 13 ilikuwa imepita tangu watu walale juu ya marumaru. Mwanafunzi wa skuli aliyelala pale na mwalimu wake alikuwa sasa mtu mzima, na pengine mwalimu.

Kwa hivyo, wale waliosema kwamba kazi ya chama ni mshahara na likizo tu, twawajibu kwa heshima: wafanyakazi wa Wisconsin walikuwa na mshahara na likizo, na mapatano yaliyoandikwa, na sheria ya mwaka 1959. Vyote vilichukuliwa katika siku 28, tangu mswada kutangazwa mpaka sahihi, na aliyevichukua aliingia kwa kura. Lakini nasi twajiuliza wenyewe, katika kamati, na bado hatujakubaliana: mwaka 2012 walifanya haraka, au walikawia? Wako kati yetu wasemao kwamba ile kura ya Juni ndiyo iliyompa Walker nguvu ya miaka sita zaidi. Wako wasemao kwamba bila ya zile nyumba zilizogongwa katika theluji, pasingepatikana mtu wa kugonga tena mwaka 2018.

Bwana Mwenyekiti, tunaketi. Tuko tayari kwa maswali, na tunaomba la kwanza litoke kwa wale ndugu zetu waliosema siasa si kazi ya chama.